Kuku yupi abaki, yupi aondoke: kusoma dalili katika kundi dogo

Mfugaji mwenye kuku mia tano huamua kwa hesabu ya banda zima, lakini mwenye kuku kumi na tano au ishirini nyuma ya nyumba hulazimika kuamua juu ya kuku mmoja mmoja, na mara nyingi huamua kwa haraka, siku mgeni amefika au siku ada ya shule inadaiwa. Anayekamatwa siku hiyo ni yule aliye karibu, au aliyenona, au jogoo mkubwa mwenye bei nzuri, na baada ya miaka michache mfugaji hushangaa kuona kwamba amebakiwa na kuku wadogo wanaotaga kwa kusuasua. Mwongozo huu unafuata dalili zinazomfanya mfugaji afikirie kumwondoa kuku, unatafuta chanzo cha kila dalili, na unaeleza ni wakati gani kasoro ni ya kuku mwenyewe na ni wakati gani ni ya banda, ya chakula au ya maradhi ambayo hayatakwisha kwa kumchinja mmoja. Ninawaandikia zaidi wanaofuga kienyeji na chotara pamoja, kwa kuwa hilo ndilo kundi lililomo katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya.

Kanuni ya kwanza itatumika katika kila sehemu inayofuata. Tatizo likiwapata kuku wengi kwa wakati mmoja, asiondolewe yeyote kwa sababu ya tatizo hilo mpaka chanzo kimejulikana. Likimpata mmoja, na wenzake wakawa salama katika banda lilelile na kwa chakula kilekile, huyo ashikwe na kuchunguzwa.

Mayai yamepungua kwa kundi zima

Dalili hii ndiyo inayowaponza kuku wengi wasio na hatia. Mfugaji aliyezoea kuokota mayai kumi kwa siku huokota matatu, naye huanza kutafuta nani wa kuuza, ilhali kuku saba hawawezi kuchoka kwa pamoja katika wiki moja.

Anza na maji, kwa sababu ndiyo kitu rahisi kukagua na ndiyo kitu kinachosahaulika. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na wakati wa joto huhitaji zaidi ya hapo. Chombo kinachokauka saa sita mchana na kujazwa jioni kinatosha kushusha utagaji wa banda zima, na maji yakikosekana kwa siku nzima au zaidi, baadhi ya kuku wanaweza kusimama kutaga na kuanza kubadilisha manyoya.

Baada ya maji tazama chakula. Mtetea wa chotara au wa kisasa anayekula ndani hutumia gramu 110 hadi 120 kwa siku, na chakula hicho kinapaswa kuwa na protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi (kalsiamu) ya asilimia 3.5 hadi 4. Pumba za mahindi peke yake haziwezi kufika hapo, hata zikitolewa debe zima. Mara nyingi sababu huwa ni jambo dogo lililofanyika bila kufikiriwa sana: mashudu yamepanda bei yakapunguzwa, dagaa walikwisha hawakununuliwa tena, au mfuko wa chakula cha kukuzia, ambacho kina kalisi ya asilimia 1 tu hivi, umepewa kuku wanaotaga kwa kuwa ndio uliokuwepo dukani. Kumbuka pia kwamba kiini cha yai hukua kwa kasi kwa siku saba hadi kumi kabla ya yai kutagwa, na kwa hiyo upungufu unaouona leo unaweza kuwa umeanzia wiki iliyopita, na marekebisho ya leo hayataonekana kesho.

Mwanga huwahusu zaidi chotara na kuku wa kisasa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mchana huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, na kuku hao hutaga vizuri zaidi wakipata saa 14 hadi 16. Ikiwa banda lina dirisha moja dogo na kuku hufunguliwa saa tatu asubuhi, wanakosa hata zile saa 12. Kuongeza dirisha ni nafuu kuliko kununua kuku wapya.

Kisha ingia bandani usiku ukiwa na tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya fito wanazolalia na kwenye nyufa za mbao. Kikitoka na madoa ya damu, utitiri umewavamia, na kuku wanaonyonywa damu kila usiku hupauka upanga, yaani kile kilemba chekundu cha kichwani, hukonda na kuacha kutaga. Wadudu hawa hujificha mchana, ndiyo maana mfugaji anayekagua saa nne asubuhi hawaoni. Safisha banda, choma maranda ya zamani, na tumia dawa ya unga au ya maji iliyoidhinishwa kwa kuku.

Inawezekana pia kwamba mayai yanatagwa lakini hayakufikii. Kuku wanaoachiwa hutaga vichakani, na kenge, nguchiro, panya na kunguru hufika kabla yako. Wafungie hadi saa sita mchana kwa siku tatu nne, wakiwa na maji, chakula na viota, kwa sababu mayai mengi hutagwa asubuhi. Idadi ikipanda, kuku wako hawana kosa.

Mwisho, ikiwa upungufu umekuja pamoja na kukohoa, kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea au vifo, liweke kando suala la nani abaki. Huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na hapo wa kuonwa ni mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za ugonjwa huu, hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji asiyechanja hachagui kuku wake, maana ugonjwa humchagulia.

Ukisharekebisha chanzo, subiri wiki tatu kabla ya kumhukumu kuku yeyote.

Mmoja hatagi, wenzake wanataga

Hapa ndipo uchambuzi wenyewe ulipo, na unahitaji mikono zaidi ya macho. Ukimtazama kuku akitembea uani utadanganyika: anayepiga kelele kiotani anaweza kuwa hatagi, na aliyechakaa manyoya, anayeonekana kama maskini wa kundi, mara nyingi ndiye mtagaji hodari, kwa kuwa nguvu zake zimekwenda kwenye mayai na manyoya hajapata nafasi ya kuyabadilisha.

Washike usiku wakiwa wamelala, kwa sababu kuku huona vibaya gizani na hawatakimbizana. Laza kidari chake juu ya kiganja chako, miguu ikiwa katikati ya vidole, na mkia ukielekea upande wa mkono ulio huru. Kila aliyekaguliwa mfunge uzi wa rangi mguuni, usiobana, ili kesho usijiulize yupi alikuwa yupi.

Tazama kwanza tundu la kutagia. La kuku anayetaga ni pana, lina umbo la yai lililolala na lina unyevu. La asiyetaga ni dogo, la duara, limekunjamana na ni kavu. Kisha tafuta kwa vidole ncha mbili za mifupa ya nyonga zilizo pande mbili za tundu hilo. Kwa anayetaga, vidole viwili au vitatu hupita katikati yake na ncha zenyewe ni nyembamba na zinanesa. Kwa asiyetaga, hata kidole kimoja hupita kwa shida na ncha zimekakamaa au zimefunikwa na mafuta. Pima tena kutoka ncha hizo hadi mwisho wa mfupa wa kidari: vidole vitatu au vinne, na tumbo laini linalobonyea, ni dalili njema, lakini vidole viwili na tumbo gumu ni dalili ya kuku aliyesimama kutaga. Kwa kuku wa kienyeji mwenye umbo dogo vipimo hivi hupungua, na kwa hiyo mlinganishe na mwenzake wa umbo lake, usimlinganishe na chotara mwenye kilo tatu.

Upanga wa anayetaga huwa mwekundu, umejaa na una joto ukiugusa. Wa asiyetaga hupauka, hupungua na kuwa na magamba makavu. Kwa kuku wenye miguu na ngozi ya njano ipo alama nyingine nzuri: rangi ya njano huondoka mwilini kadiri anavyotaga, ikianza kwenye tundu la kutagia, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, na mwisho miguuni, na akiacha kutaga hurudi kwa mpangilio uleule. Mtetea ambaye miguu yake imepauka kabisa huku amekwisha kutaga kwa miezi kadhaa anakuonyesha kazi aliyoifanya. Alama hii haiwafai wenye miguu myeusi, ya kijivu au myeupe, nao ni wengi katika kienyeji. Pia hupotosha ikiwa kundi zima halipati majani mabichi wala mahindi ya njano, kwa sababu huko ndiko rangi hiyo inakotoka.

Usitumie alama moja peke yake. Zikikubaliana tatu au nne, una jibu. Zikipingana, au zikisema hatagi, bado kuna maswali ya kuuliza kabla ya kisu.

Je, bado hajafikia umri wa kutaga? Mtetea wa kisasa huanza akiwa na wiki 18 hadi 20, chotara wengi huchelewa kidogo, na wa kienyeji anaweza kufika miezi sita hadi minane. Nyonga zilizobana kwa mtetea wa miezi mitano wa kienyeji hazina maana yoyote mbaya. Mpe muda, na uangalie upanga wake ukianza kuwa mwekundu.

Je, anaatamia au ana vifaranga? Kuku anayelalia huwa na tundu kavu, upanga uliopauka na kidari kilichonyonyoka, yaani kila alama ya kuku asiyefaa, naye yuko kazini. Mayai huanguliwa baada ya siku 21, na koo wa kienyeji akiachiwa vifaranga huwalea kwa wiki nane au zaidi kabla ya kutaga tena. Ninasisitiza hili kwa sababu wafugaji waliosoma kuhusu kuku wa kisasa huanza kuwapima koo wa kienyeji kwa kipimo kisicho chao. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu au minne kwa mwaka, na thamani yake iko katika vifaranga. Mpime kwa swali hili: kati ya mayai aliyolalia, mangapi yameanguliwa, na kati ya vifaranga hao, wangapi wamefika miezi miwili? Anayeangua tisa na kufikisha saba hastahili kuguswa, hata ikiwa kwa mwaka mzima hajakupa trei mbili za mayai. Anayekanyaga vifaranga, anayeacha kiota siku ya kumi, au anayewatelekeza mapema kila mara, huyo aende. Kwa upande mwingine, chotara uliyemnunua kwa ajili ya mayai ambaye kila mwezi hulalia kiota kitupu amekosea kazi. Mwondoe kiotani, mweke siku chache kwenye tenga lenye sakafu ya fito inayopitisha hewa chini, pamoja na maji na chakula, na akiendelea na tabia hiyo mpe mayai ya wengine au muuze kwa anayehitaji kuku wa kulalia.

Je, anabadilisha manyoya? Kazi hii huchukua kwa kawaida wiki nane hadi kumi na mbili, na utaziona sindano za manyoya mapya shingoni na mgongoni. Kinachopima ubora hapa ni namna anavyobadilisha. Anayechelewa kunyonyoka na kisha kuyaangusha manyoya kwa wingi na kuyarudisha haraka ni mtagaji mzuri; anayeanza mapema kuliko wote na kuangusha unyoya mmoja mmoja kwa miezi mingi anakula bila kurudisha, na huyu ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu ya kuondoka.

Je, anataga mahali usipopajua? Hii huhusu kuku ambaye alama zote zinasema anataga na wewe hupati yai lake. Mpapase asubuhi mapema kabla ya kumfungulia: yai lililokwisha kupata ganda husikika tumboni, karibu na tundu, kama kitu kigumu cha mviringo. Likisikika, mfungie hadi atage. Njia nyingine ni kupaka rangi ya mdomo au rangi ya chakula kuzunguka tundu lake, na yai litakalotoka na mstari wa rangi ni lake.

Je, amenenepa kupita kiasi? Chotara mzito aliyelishwa mahindi matupu hujaa mafuta tumboni. Mpunguzie nafaka, mwongezee majani na mwachie atembee, na umkague tena baada ya mwezi. Wengi hawarudi katika utagaji mzuri, nami sioni ubaya wa kumpeleka jikoni akiwa bado na nyama nzuri.

Ikiwa maswali haya yote yamejibiwa hapana, na ukaguzi wa pili baada ya wiki tatu umetoa alama zilezile, kuku huyo aondoke. Ukaguzi wa mara moja hautoshi, kwa kuwa hata mtagaji mzuri hupumzika.

Mayai yana ganda laini, au yanaliwa

Ganda laini kwa mayai mengi ni upungufu wa kalisi. Weka chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa katika chombo cha pembeni, kila kuku achukue anavyohitaji. Kwa mtetea anayeanza, yai la kwanza au la pili likiwa laini ni jambo la kupita. Ikiwa ni kuku mmoja tu, mwenye umri wa miaka mitatu au minne, na wenzake wanatoa mayai magumu kwa chakula hichohicho, mwili wake umechoka na hautatengemaa.

Ulaji wa mayai huanza karibu kila mara na yai lililovunjika kwa bahati mbaya, na kwa hiyo sababu zake ni ganda hafifu, viota vichache, au viota visivyo na maranda ya kutosha. Kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, kikiwa mahali penye giza, na mayai kuokotwa mara mbili kwa siku, humaliza tatizo katika mabanda mengi. Lisipokwisha, tafuta mwenye kiini kilichokauka mdomoni au kwenye manyoya ya shingo, umtenge wiki moja, na uone kama mayai yanapona. Akithibitika, usimvumilie hata akiwa mtagaji bora, kwa sababu wengine hujifunza kwake haraka.

Kuku mmoja ni mgonjwa au ana ulemavu

Mtenge kwanza, ndipo ufikiri. Baadhi ya magonjwa yanatisha kwa macho lakini hayamfanyi kuku kuwa wa kuondolewa. Magamba ya miguuni yaliyoinuka na kukakamaa husababishwa na wadudu wadogo waishio chini yake. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, paka mafuta mazito mara kwa mara kwa wiki kadhaa, na kuku hupona. Ndui ya kuku, yenye vipele vikavu usoni na kwenye upanga, ikiisha humwachia kuku kinga, na kumchinja aliyepona ni hasara tupu. Yapo mengine ambayo huruma ya mfugaji huyageuza kuwa msiba wa kundi zima.

Mafua makali ya kuku, yanayovimbisha uso na kutoa usaha wenye harufu mbaya, huweza kutulia kwa dawa, lakini aliyepona anaweza kuendelea kubeba vijidudu na kuwaambukiza wapya unaowaleta. Homa ya matumbo ya kuku ni mbaya zaidi, kwa sababu mtetea aliyenusurika anaweza kuupitisha ugonjwa ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Mtaalamu akithibitisha ugonjwa huu, usiangulishe mayai ya walionusurika na usiwauze kwa mfugaji mwingine. Kuku mchanga aliyepooza, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, huenda ana ugonjwa wa Marek, ambao hauna tiba. Mwondoe bila kuchelewa, na mwakani nunua vifaranga waliochanjwa siku ya kwanza. Mtetea anayesimama wima huku tumbo limejaa na linaning'inia amekusanya majimaji au mabaki ya mayai ndani, na mara chache hupona. Shingo iliyopinda baada ya mdondo nayo mara nyingi hubaki hivyo. Kuku wa namna hiyo hukonda kwa kushindwa kudonoa, na si haki kumwacha ateseke.

Katika haya yote kuna mpaka usiovukwa. Kuku anayeumwa hapelekwi sokoni wala hachinjwi kwa ajili ya kuokoa nyama, na aliyekufa hufukiwa kwenye shimo refu au huchomwa, mbali na mbwa. Vifo vikianza, desturi ya kuwauza haraka waliobaki ndiyo inayobeba mdondo kutoka kijiji hadi kijiji. Aliyepewa dawa asiliwe wala mayai yake yasiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kifungashio cha dawa hiyo.

Mayai hayaanguliwi, au kundi linazidi kudhoofika

Hapa macho yahamie kwa jogoo. Mulika mayai kwa tochi gizani siku ya saba ya kulaliwa. Yakiwa meupe ndani bila mishipa, hayakupata mbegu: jogoo ni mzee, ni mgonjwa, ana miguu mibovu, au ana mitetea wengi kupita uwezo wake. Jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi ni kiasi kizuri. Yakiwa na pete ya damu au kiumbe kilichokufa, mbegu ilikuwepo, na kosa linaweza kuwa katika kuyahifadhi mayai muda mrefu au mahali pa joto, katika lishe ya mitetea, au katika ukoo.

Suala la ukoo na la uteuzi wa jogoo ndilo ninalotaka lizingatiwe kuliko yote katika mwongozo huu. Sikukuu inapokaribia, jogoo anayeuzwa ni yule aliyewahi kukua na mwenye kilo nyingi, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayebaki ni mdogo aliyechelewa, ambaye hakuna mteja aliyemtaka, naye ndiye anayewapanda mitetea wote. Mfugaji akifanya hivyo kila Idi na kila Krismasi, anachagua udumavu kwa mikono yake, na hakuna chakula kitakachorekebisha. Fanya kinyume: vijogoo wakifika miezi minne, mtie alama aliyekua haraka kuliko ndugu zake kwa chakula kilekile, mwenye kidari kipana, miguu iliyonyooka na macho angavu, na ambaye mama yake ni mtagaji au mlezi mzuri. Huyo hauzwi, wote waliobaki wauzwe. Hata hivyo asiwapande mama yake na dada zake. Mbadilishane na mfugaji wa mbali unayemwamini, na mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuingia bandani. Mbegu za jogoo wa zamani hudumu ndani ya mtetea kwa wiki mbili hadi tatu, na kwa hiyo mayai ya kuangulisha yaanze kukusanywa baada ya muda huo kupita. Jogoo anayerukia watoto wa nyumbani kwa kucha hapati nafasi ya pili, hata akiwa mzuri namna gani.

Hesabu na wakati wa kuwaondoa

Mtetea anayekula gramu 120 kwa siku hutumia kilo 3.6 kwa mwezi, karibu kilo 44 kwa mwaka. Zidisha kilo 3.6 kwa bei ya kilo moja ya chakula unachonunua, kisha gawanya kwa bei ya yai. Tuseme, kwa shilingi za Tanzania, kilo ni shilingi 1,200 na yai ni shilingi 400: mtetea huyo analipa chakula chake anapotaga mayai 11 kwa mwezi, na chini ya hapo wewe ndiye unayemlisha. Anayejitafutia nusu ya chakula chake hulipa kwa mayai sita. Hesabu hii huamua vizuri kuliko umri, ingawa umri nao una neno: chotara na kuku wa kisasa hutaga zaidi mwaka wa kwanza na hupungua kila baada ya kubadilisha manyoya, na wengi wao hawafai kulishwa chakula cha dukani baada ya mwaka mmoja na nusu wa umri au zaidi kidogo.

Usiwaondoe wote wakongwe siku moja. Mitetea wa kuwarithi wawe wamekwisha kuanza kutaga, na waondokao watoke wawili watatu kwa zamu, kwa sababu kila mabadiliko huwafanya waliobaki wapigane upya kugombea nafasi. Uza wiki moja au mbili kabla ya sikukuu, bei ikiwa juu na kuku wakiwa bado na uzito.

Anayechinjwa nyumbani mfungue kwa uangalifu na utazame ndani kabla ya kutupa chochote. Ukikuta kishada cha viini vya njano vya ukubwa tofauti, alikuwa anataga, na inafaa ukumbuke alama uliyoisoma vibaya siku ya ukaguzi. Ukikuta kifuko kilichosinyaa chenye chembe ndogo tu, na mafuta mazito yamezunguka firigisi, ulimsoma sawasawa. Ini lililovimba na kuwa na rangi ya shaba au ya kijani lisiliwe, na aitwe mtaalamu kabla mwingine hajauzwa. Pasua pia utumbo kwa urefu: ukikuta minyoo mirefu myeupe kwa wingi, wape dawa kuku wote, na ukaguzi wa waliobaki uahirishwe kwa wiki tatu.